Dhamana ya Mzee Wangu

Eulalia alikuwa ameshaishika kalamu kwenye dirisha la dhamana, pale jela ya kaunti, na shati la mumewe mkononi, kola bado ina joto la pasi, mwanamke wa nyuma yake alipomnong'oneza.

"Usisaini, dada. Ukimtoa tu, maofisa wa Uhamiaji wanamdaka mlangoni. Mume wangu walimpandisha ndege hivyohivyo."

Eulalia akaiweka kalamu, akaenda kwenye simu iliyo kando ya kioo cha mahabusu.

"We bibi kizee, mbona unachelewa?" mumewe akatania kutoka upande wa pili wa kioo. "Maharage ya humu hayana hata chumvi."

"Uyale hivyohivyo, mzee wangu. Sikutoi. Hapo nje wanakungoja wakurudishe kwetu Guatemala."

Mumewe akajifuta pua kwa kiganja.

"Basi Jumapili uje kunitazama umevaa lile gauni la njano."