Bwana Ndimu na Sura ya Tisa

"Uozo mtupu." Ndivyo ujumbe ulivyoanza, kama zilivyoanza nyingine kumi na sita kabla yake.

Torsha aliusoma akiwa amejikunyata ndani ya kabati la nguo, magoti yakigusa kidevu, sari za mama yake zikimning'inia kichwani. Humo ndimo alimorekodia podikasti yake. Hariri humeza mwangwi kuliko studio yoyote ya Kolkata. Kila Jumanne alisoma sura moja ya hadithi aliyoitunga mwenyewe, ya wanawake wawili wanaopendana. Hewani alijiita Jonaki. Nyumbani alikuwa Torsha, miaka thelathini, hajaolewa.

Msikilizaji huyo hakuwahi kuweka jina. Piyali, mpenzi wake Torsha, ndiye aliyembatiza Bwana Ndimu.

"Mwezi huu nimesikiliza vitabu saba vya mapenzi ya namna hii," aliandika Bwana Ndimu. "Katika vitano msichana anakufa. Katika cha sita anaolewa na daktari wa meno. Katika cha saba wanahamia Kanada, wakapendane na theluji. Hivi Bengali nzima hakuna wanawake wawili wanaopendana na bado wakaenda sokoni kununua samaki? Podikasti nazo ni vicheko tu. Watu wawili wanachekeshana nusu saa, kisha wanatangaza sabuni. Wewe Jonaki nilidhani una akili. Sasa hii sura ya tisa ni kitu gani? Msichana anabeba sinia la chai mbele ya wakwe, mikono inatetemeka, anasema ndiyo huku analia. Ovyo! Ningekuwepo mimi, chai hiyo ingemwagika mapema."

Torsha akampigia Piyali, akamsomea kwa kunong'ona.

"Huyo mzee ana gesi tumboni," Piyali akacheka. "Mwambie atunge yake tuone." Kisha akaacha kucheka. "Lakini Torsha, sura ya tisa si hadithi. Hiyo ni Jumapili yako."

Jumapili familia ya mhandisi mmoja wa Durgapur ilikuwa inakuja kumwangalia Torsha kama anafaa kuolewa na kijana wao. Mama alishakubali kila kitu, imebaki tarehe. Miaka yote Torsha amekataa wanaume kwa visingizio, huyu mfupi, yule anakoroma, na visingizio vimemwishia. Safari hii angesema ndiyo. Piyali alilijua hilo, ndiyo maana alikata simu bila kuaga.

Alipochomoka kabatini, baba yake alikuwa kwenye kiti chake upande wa pili wa ukuta wa kabati, simu mfukoni mwa shati, akiutazama ukuta na kutabasamu. Mzee Nirupam alifanya kazi miaka arobaini katika kiwanda cha uchapaji, mitambo ikayala masikio yake. Mwanawe wa kiume alimletea vifaa vya masikioni kutoka Bangalore, vya kisasa kabisa, vinavyounganishwa na simu. Kazi bure. Ukimwita kula, haitiki mpaka umguse bega.

"Hela za mwanangu zimetupwa mtoni," mama alisema, akimwekea mzee chai bila hata kupunguza sauti. "Mwone anavyouchekea ukuta! Bora kabati, lina milango."

"Mama, usimseme hivyo mbele yake."

"Mbele yake, nyuma yake, kuna tofauti gani? Nimemtukana miaka sita, hajanijibu hata siku moja."

Jumapili walikuja watu sita kumwangalia mmoja. Walikaa, wakajaziwa sahani ya sandesh, vitamutamu vya maziwa, wakaila nusu, wakaanza kazi. Anaimba? Miwani hiyo anavaa siku zote? Samaki wa hilsa anampikaje? Shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye macho ya mnunuzi wa ng'ombe, akamwambia atembee hadi dirishani na kurudi.

"Tuone tu hatua, mwanangu. Usijisikie vibaya."

Torsha akatembea. Mhandisi mwenyewe alikuwa anatazama kriketi kwenye simu.

"Na muda wa mapumziko anafanya nini?" shangazi akauliza.

"Anajisomea vitabu," mama akawahi. "Mtoto mtulivu huyu. Hana maneno."

Kisha sinia likaletwa kutoka jikoni, vikombe tisa, akakabidhiwa Torsha. Alipofika katikati ya sebule mikono ikaanza. Vikombe vikagongana kama meno ya mgonjwa wa homa.

"Basi sisi tumeridhika," shangazi alisema, akijipangusa vidole. "Nawe binti, wasemaje? Tuseme ndiyo?"

Torsha akafungua mdomo, na machozi yakawahi kabla ya neno.

Kiti cha ukutani kikalia. Baba yake akainuka, akapita katikati ya magoti ya wageni, akalitwaa lile sinia. Kisha, taratibu kama mtu anayemwagilia maua, akaimimina chai yote, kikombe baada ya kikombe, juu ya sandesh zilizobaki.

"Mungu wangu!" mama akapiga ukelele. "Jamani mtusamehe, hasikii huyu, hajui hata..."

Mzee akaliweka sinia tupu mezani, akakirekebisha kile kidude cha sikioni, akamgeukia binti yake.

"Sura ya tisa ilikuwa uozo mtupu, mwanangu. Iandike upya. Na umpigie Piyali, tunakwenda kununua samaki."