Shahidi wa Frumet

Mkokoteni haujasimama vizuri langoni, Rabi Naftali keshashika lijamu ya farasi.

"Umetoka njia ya Fulda? Umemwona Mendel, mume wa Frumet, hai au maiti?"

Kila mgeni aliyeingia mtaa wa Wayahudi pale Hanau aliulizwa hivyo hivyo. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu Mendel aondoke na ngozi zake kwenda soko kuu la Leipzig, vita vimechacha, asirudi. Frumet hakuwa mke, hakuwa mjane. Kuolewa haruhusiwi, hata kukaa matanga haruhusiwi. Alihitaji mtu mmoja tu wa kusema: nimemwona amekufa.

Rabi aliviacha vitabu vyake, vilivyosifika hadi Praha, akawa mtu wa langoni. Hali chakula, halali usingizi. Njia yenyewe aliijua, aliwahi kuitwa Fulda kuamua kesi. Watu wakamsifu. Wakubwa ndivyo walivyo, wakitoka jasho kidogo wanaombewa dua; jasho la Frumet, aliyefua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka, nani aliliona? Na za Rabi alizifua pia, maana Rabi alikuwa mgane tangu tauni ilipomwua mkewe.

Siku hiyo aliyeingia alikuwa Anshel, mchuuzi wa vifungo. Frumet akaja mbio, mikono imejaa povu.

Anshel akamtazama, akacheka. "Maiti sikuiona, dada. Ningeiona ningesema upesi, halafu nikuoe mwenyewe!"

"Ungeambulia patupu, mjomba," akadakia Zelig, mtumishi wa sinagogi. "Aletaye habari ya kifo hamwoi mjane. Ndiyo sheria yetu. La sivyo kila mwenye tamaa angeua waume za watu kwa ulimi."

"Zelig, nenda kafagie!" Rabi akafoka.

Kisha akamshika Anshel ukosi wa koti. "Fikiri vizuri. Wewe unapita huko kila mara."

"Napita, Rabi. Sikuona kitu."

"Ukishapita kile kinu kilichoungua. Mkono wa kushoto."

"Hapana, Rabi."

"Kando ya mto, bwana! Penye miti ya mierebi. Kuna tuta, urefu wake kama mtu, na mawe yamepangwa upande wa kichwani. Mwenye macho yeyote analiona! Sema tu kwamba uliliona!"

"Sasa nitasemaje, Rabi, na hapo sijawahi hata kusimama?"

Frumet alikuwa akifuta povu kwenye aproni. Mikono ikatulia.

"Rabi," akasema polepole, "mawe hayo uliyapanga wewe?"