Maelezo ya Zana ya Nne

Inatangazwa kwa wote, kwa heshima na taadhima, kwamba mwaka jana fundi makochi wa mtaa huu alipata katibu wake binafsi. Katibu mwenyewe hakuwa na mikono, hakunywa chai, na aliishi ndani ya simu yenye kioo kilichopasuka.

Aliyemtengeneza ni binti mkubwa wa fundi. Kazi yake ofisini ilikuwa kuandika maelezo ya zana za kompyuta, si kwa ajili ya watu bali kwa ajili ya wakala, yaani programu ya akili bandia inayopokea agizo kwa maneno na kuchagua yenyewe zana ya kulitimiza. Wakala haoni ndani ya zana. Husoma maelezo tu, kama mgonjwa asomavyo kibandiko cha chupa ya dawa, kisha humeza.

"Ni kama mkwe mpya," binti alimwambia mdogo wake, aliyekuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni. "Ana bidii, hajui lolote la nyumba hii, na anaona haya kuuliza. Usipomwandikia kwamba kapu lile lina mayai, atalikalia."

"Kwa hiyo anaamini chochote?"

"Kilichoandikwa, ndiyo. Sasa toa miguu yako kwenye kiti changu."

Alimpa wakala zana nne: ya kujibu wateja, ya kupanga picha za makochi, ya kukumbusha siku za kupeleka kazi, na ya kufuta vitu simu inapojaa. Tatu za kwanza alizimaliza kabla chai haijapoa. Ya nne ilimla alasiri nzima, maana ndani ya simu ile mlikuwa na jumbe arobaini na moja za sauti ya mama yao.

Mama alikuwa amefariki miezi kumi na moja kabla. Simu yake ilipotea hospitalini, kwa hiyo sauti yake ilibaki kwa Baba peke yake. Tangu mazishi, Baba hakufungua hata ujumbe mmoja. Alikuwa anangoja mwaka utimie.

"Nikizisikiliza leo," alisema, "kesho nitabaki na nini?"

Alizihesabu tu, kila siku baada ya chakula cha mchana.

Jumatano moja asubuhi, fundi akiwa na misumari mdomoni, mteja alitaka kumtumia picha ya kochi lililochanika. Simu ikagoma: imejaa. Fundi akatema misumari kiganjani.

"Katibu, nitafutie nafasi."

"Tayari, mzee. Nafasi ipo ya kutosha."

"Ahsante, mwanangu."

Mchana, baada ya kula, akaanza kuhesabu. Hapakuwa na cha kuhesabu.

Binti alikuja mbio kutoka ofisini na viatu vya kazini miguuni. Alifungua kompyuta, akasoma kwa muda, akaandika kidogo, akaifunga taratibu. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni na sahani ambayo hakuna aliyemtuma kuiosha.

"Zinarudi?" Baba akauliza.

"Hazirudi, Baba."

"Mashine imekosea?"

"Haijakosea. Imefuata maelezo."

"Na maelezo kayaandika nani?"

Binti alitazama mikono yake.

"Mimi."

Baba hakugomba. Heri angegomba. Alirudi kwenye kochi la mteja, akapigilia msumari palepale penye msumari mwingine.

Zamani alimwita binti huyu "jicho langu". Tangu siku hiyo alimwita kwa jina, kama anavyowaita wateja. Shangazi alikuja, akasikia kisa, akasema mganga hajigangi, akaondoka. Mwaka ulipotimia, Baba alikaa uani tangu asubuhi, simu ikiwa kifudifudi kwenye paja. Binti alimpelekea chai mara tatu, na mara tatu akairudisha ndani ikiwa imepoa.

Wiki iliyopita, mtu mmoja aliifungua kompyuta ile kwa siri, ili kufuta ushahidi. Mtu huyo, waheshimiwa, ni mimi, mdogo wake.

Faili la maelezo ya zana hutunza kila badiliko, jina la aliyelifanya na sababu yake. La kwanza lilikuwa la dada: "Hufuta kabisa, vilivyofutwa havirudi. Usiguse sauti kamwe. Muulize Baba kwanza." La pili lilikuwa langu, nikiwa nimetia jina kwa mbwembwe zote: "Zana hii tukufu huleta nafasi na amani, itumike kwa ukarimu. Sababu: kicheko."

La tatu lilikuwa la dada tena, la mchana wa Jumatano ile, kabla hajamjibu Baba: "Nimerudisha maelezo ya awali. Mdogo wangu alifanya mzaha. Baba asiambiwe; ameshapoteza mmoja."