Unyayo Chini ya Beseni

"Kelele zote hizi kwa ajili ya mchanga?" Siwema alishangaa, fagio bado mkononi.

"Mchanga kwako wewe! Ule ulikuwa mguu wa mwanangu!" Bi Mize alifoka.

Wapangaji walishajaa uani, wengine wakitafuna. Ugomvi kama ule nani aukose?

Siwema alikuwa amehamia juzi tu. Wenzake wote walijua kwamba siku Makame aliposafiri, mama yake, Bi Mize, aliufunika kwa beseni unyayo wake wa mwisho. Msafiri hafagiliwi nyuma, asije akapotea moja kwa moja. Watoto wa nyumba ile walizaliwa, wakakua, wakaozwa. Beseni halikuguswa, wala salamu ya Makame haikuja. Siwema yeye aliona chombo kizuri kimelala bure. Akakioshea mchele wa wageni wake, kisha akaufagia uwanja mpaka ukapendeza.

"Nisamehe, mama. Ningejuaje?"

Bi Mize alichuchumaa, akapapasa ardhi hapa na pale kama aliyeangusha sindano. Palikuwa na michirizi ya fagio tu.

"Hata sura ya yule kijana mimi nimeisahau," jirani mmoja alimnong'oneza mwenzake.

Bi Mize alimsikia. Na yeye alikuwa akijaribu kuikumbuka.

Siwema alitupa fagio, akamshika mkono. "Inuka, mama yangu. Wali umeshaiva. Karibu ndani ule."

Bi Mize akainuka, akanyanyua mguu mmoja, asijue autue wapi.