Kitambaa cha Kumshukuru DJ Giza

Mteja aliyeleta blauzi kupunguzwa kiuno ndiye aliyeiacha ile tetesi mezani, akaondoka zake. Kwamba yule DJ Giza, anayepiga kila Jumamosi mchana kwenye ghala la zamani la magunia, hapigi muziki wa kawaida. Ukiusikia, miguu inagoma kurudi nyumbani. Kwamba kuna msichana alikwenda mara moja tu, na sasa hata mamake akimwita anaitikia kwa kichwa, tik, tik, tik.

Fundi cherehani alicheka. Kisha akajidunga sindano, maana binti yake mwenyewe, wa miaka kumi na saba, alikuwa akitikisa kichwa hivyo hivyo tangu Jumamosi, hata akiosha vyombo.

"Huyo DJ wenu yukoje?" alimuuliza jioni, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Haonekani uso, mama. Anajifunika kitu cheusi. Ila amerudi."

"Alikuwa amekwenda wapi?"

Binti akaeleza, macho yakimng'aa kama ya mtu aliyepona homa. Zamani DJ Giza alikuwa anapiga transi, muziki wa mashine wenye wimbo ndani yake, ule unaopanda taratibu mpaka kifua kinajaa. Halafu akauacha. Ikawa ni kugonga tu, du, du, du, kama mtu anayepigilia misumari. Wapenzi wake wakalalamika, wengine wakahama, yeye akaendelea kugonga. Mwezi huu, bila kutangaza, wimbo ukarudi. Watu wazima walilia pale ghalani. Sasa wamekubaliana kumshukuru kwa kitambaa kikubwa, na binti ndiye aliyepewa kazi ya kushona maneno.

Akakikunjua. ASANTE KWA KUTURUDISHIA WIMBO. Herufi zilikuwa zimepinda kama meno ya mtoto.

Mama akasema hapana, cherehani yake haimshonei mhuni asiye na uso. Siku mbili akakipita kile kitambaa kochini akijifanya hakioni. Siku ya tatu ule mshono ukamshinda. Akaufumua wote, akaushona upya, uzi mara mbili.

Herufi zilinyooka, moyo haukunyooka. Akamgeukia mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mpole asiyejua kugombana. Huyu alimpata mkewe kwa mluzi. Enzi za uchumba alikuwa akisimama nyuma ya uzio wa kina mkewe, anapiga mluzi aliotunga mwenyewe, naye anatoka kana kwamba anakwenda kuanua nguo. Walipooana akaupiga kutwa nzima, mpaka ilipokuja kazi ya sare za shule. Mluzi ukamvuruga mke vipimo, kola arobaini zikakatwa fupi, na tangu hapo ukapigwa marufuku nyumbani. Sare zilipokwisha, mwezi huu huu, ndipo mke mwenyewe akamwambia apige tu, nyumba imepoa mno.

"Jumamosi hii uiache hiyo karakana yako," alimwambia. "Uende ghalani. Mwanao asikutoke machoni."

Mume akajikuna shingo. "Lazima niwe mimi?"

"Kwani ana baba mwingine?"

Alirudi na binti saa kumi na mbili, mkoba wa kazi begani, shati limemgandia kwa jasho. Akasema alimwona mtoto mwanzo hadi mwisho, alikuwa mstari wa mbele, alikunywa maji tu. Mama akauliza habari za yule mhuni.

"Mtu wa kawaida. Ana kitambi kidogo."

Binti akapaliwa na chai.

Jibu hilo lilimtuliza mama mpaka Alhamisi. Ijumaa tetesi ikaanza kumwasha upya. Mume naye hakuona kitu, alijiambia, mwanamume hata chumvi iliyo mbele yake haioni. Jumamosi, wawili hao walipotoka tu, akajifunga leso kichwani, akachukua ile rula yake ndefu ya mbao, akashika njia. Alikwenda kumtoa mwanawe kwa sikio, na kama huyo Giza angeleta maneno, rula ilikuwa na inchi za kumtosha.

Ndani ya ghala kulikuwa na watu kama mia tatu. Kitambaa chake kilitundikwa ukutani, kimenyooka, na hata kwa hasira zile aliukagua mshono. Juu ya jukwaa alisimama mtu mwenye kioo cheusi usoni. Mbele kabisa, binti yake, mikono juu.

Mama akaanza kupenya kwa viwiko. Alikuwa amebakiza hatua tano, wimbo ukaanza kupanda.

Miguu ikagoma.

Alisimama katikati ya watu, rula ikamponyoka. Kando yake nesi mmoja, bado amevaa sare ya kazi, alikuwa akijifuta macho kwa kiganja. Wimbo ulipanda, ukasita, ukateremka, na mama alijua utakapoteremka kabla haujateremka. Kichwa kikaanza chenyewe. Tik, tik, tik.

Hakumwita mtoto. Aligeuka akarudi nyumbani, na rula akaisahau huko huko.

Saa kumi na mbili baba na binti walikuta chai mezani, na karatasi imebanwa mlangoni kwa pini za ushonaji. Mama alikuwa amewapa mgongo, anatia uzi kwenye sindano. Binti akaisoma kwa sauti, baba nyuma yake, mkoba begani.

MAMBO YA KUEPUKA

Usipokee kinywaji usichokifungua mwenyewe.

Usisimame karibu na spika.

Usipitilize saa kumi na mbili.

Usisikilize tetesi za wenye blauzi.

Usirudie kupigilia misumari.

Na wewe, mume wangu, usiupige tena mluzi wetu mbele ya watu mia tatu bila kuniwekea kiti.