Ngano Isiyo na Mama

Bi Mwajabu alifungua kabati la mpangaji wake akimtafuta panya, akakuta vichupa vya kioo vimejipanga gizani. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na vijani vyembamba, vyeupe kama uzi wa sanda. Kichupa kimoja tu kilikuwa na mmea wa rangi ya kijani.

"Shikamoo, bibi." Bupe alikuwa amesimama mlangoni, koti la maabara mkononi.

"Marahaba. Umefuga nini humu nyumbani mwangu?"

"Ngano, bibi. Kazini umeme hamna, chumba kinachemka, ndio nikazihamishia huku. Tumeziotesha kutoka kwenye chavua tupu, ule unga wa kiume wa ua."

"Na mama yake?"

"Haina mama."

Bi Mwajabu akaguna. Mkunga mzima, aambiwe kuna kitoto kisicho na mama!

"Inakula nini?"

"Sukari. Lakini hicho cha kijani usikifungue, bibi, kitaingia ukungu. Vyeupe vyote vinakufa. Kazi yangu ya mwaka mzima imebaki hicho kimoja."

Sukari, gizani, bila mama. Mwananyamala nzima inajua ni nani hulishwa hivyo: jini la kufugwa.

Bi Mwajabu akakiviringisha kile cha kijani kwenye upindo wa khanga, taratibu, kifuniko asikiguse.

"Kitalala kwangu. Kikiwa ngano, tutaona suke. Kikiwa kile kingine, kitanikuta na Ayatul Kursi yangu."

"Bibi, kina urithi wa baba tu! Kesho lazima nikitie sumu kidogo ya kuufanya maradufu, la sivyo hakitazaa kamwe!"

"Na sumu tena!" alisema Bi Mwajabu, na komeo la chumbani kwake likalia kwa ndani.