Mama Mmoja

Kwenye skrini ya maabara, seli shina ya ubongo ilikuwa inajigawa. Nilimwonyesha mdogo wangu, aliyekuja kuniletea funguo nilizozisahau nyumbani.

"Huyu mtoto atakuwa seli ya neva, ataondoka aende mbali," nilimwambia. "Mwenzake anabaki palepale walipozaliwa, aendelee kuzaa wengine."

"Na wote mama yao mmoja?"

"Mmoja."

Akacheka. Viganja vyake vilinukia dawa ya kumchua mama miguu.

Mkuu wangu akachungulia mlangoni. "Una mgeni?"

Macho yangu yalishuka kwenye ndala za mdogo wangu, moja imeshikizwa kwa waya.

"Msichana wetu wa kazi," nikasema.

Mdogo wangu akanikabidhi funguo kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha.

"Mama yako nimeshamwogesha, daktari."